Taji, Mtaguso na Funguo za Petro: Gharama ya Ushindi wa Upapa, 1414–1516

Masimulizi yaliyozoeleka kuhusu mamlaka ya Papa na wapinzani wake hupangwa kama vidato vya ngazi moja. Chini kabisa husimama Mfalme Henry IV wa Ujerumani, akiomba msamaha mbele ya lango la Canossa mwaka 1077. Juu yake yupo Mfalme Philip IV wa Ufaransa, ambaye watu wake walimvamia Papa Bonifasi VIII kule Anagni mwaka 1303. Kisha John Wycliffe, kisha Jan Hus, na juu kabisa Martin Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517. Kila mmoja huonekana kumwandalia njia anayemfuata, na upapa huonekana ukidhoofika hatua kwa hatua. Ngazi hiyo ni rahisi kufundishika. Kasoro yake ni kwamba inairuka karibu karne ya 15 yote, na humo ndimo, kwa mtazamo wa makala haya, shauri lilimoamuliwa.

Hoja inayotetewa hapa ni hii: mpinzani aliyeukaribia zaidi ushindi dhidi ya Papa hakuwa mfalme wala mzushi. Alikuwa mtaguso mkuu, yaani mkutano wa Kanisa lenyewe, uliodai kuwa na mamlaka juu ya Papa. Upapa uliushinda mtaguso kwa kuwavuta wafalme upande wake, na wafalme hawakuvutwa bure. Walilipwa kwa kupewa sauti katika uteuzi wa maaskofu na fungu katika mapato ya Kanisa. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 16, Papa alikuwa mshindi asiye na mshindani ndani ya Kanisa, na wakati huohuo mdeni wa kila mwenye taji.

Urithi wa Worms na Anagni

Ugomvi kati ya Papa Gregori VII na Henry IV umeandikwa sana, nasi hatuna haja ya kukaa nao kwa muda mrefu. Kilichogombewa kilikuwa haki ya kumvika askofu alama za cheo chake. Askofu wa Ujerumani alikuwa mchungaji wa roho na papo hapo mtawala wa ardhi, askari na ushuru. Mfalme asiyemteua askofu wake alikuwa amepoteza sehemu ya ufalme wake. Mapatano ya Worms ya mwaka 1122 yaligawa sherehe mara mbili: pete na fimbo ya kichungaji vikawa vya Kanisa, fimbo ya kifalme ikawa ya Kaisari, na uchaguzi katika Ujerumani ukaruhusiwa ufanyike mbele yake. Kiini cha mapatano hayo kinastahili kukumbukwa, kwa sababu kitarudi: Papa alishinda katika kanuni, na mfalme akabaki chumbani wakati kura zikipigwa.

Kisa cha Bonifasi VIII kina funzo la namna hiyohiyo. Mwaka 1296 alikataza makleri kuwalipa watawala kodi bila idhini ya Papa. Philip IV hakujibu kwa teolojia. Alizuia dhahabu na fedha zisitoke Ufaransa, na mwaka uliofuata Papa alilegeza amri yake. Hati ya Unam Sanctam ya Novemba 1302, iliyotangaza kwamba kila kiumbe binadamu lazima awe chini ya Papa ili aokolewe, ilitoka kwenye mkono uliokwisha kufunguliwa kwa nguvu ya mapato. Baada ya Anagni, Klementi V, Papa aliyetoka Ufaransa, alitoa mwaka 1306 tamko liitwalo Meruit, kwamba Unam Sanctam haimpunguzii mfalme wa Ufaransa wala ufalme wake chochote. Tamko hilo dogo halitajwi mara nyingi katika vitabu vya jumla. Tutalikuta tena baada ya miaka 210.

Konstanz: mtaguso wenye nyuso mbili

Mwaka 1378 makardinali walewale waliomchagua Urbano VI walimkana na kumchagua Klementi VII, aliyekwenda kukaa Avignon. Farakano lililofuata lilidumu hadi mwaka 1417. Athari yake kubwa zaidi haikuwa aibu ya kuwa na mapapa wawili. Ilikuwa kwamba kila mfalme alilazimika kuchagua. Ufaransa, Scotland, na baadaye Castilla na Aragon zilimtii Papa wa Avignon. Uingereza, Hungaria, Poland na sehemu kubwa ya Ujerumani zilimtii wa Roma. Kwa miaka karibu 40 mabaraza ya wafalme yalijadili ni nani Papa wa kweli kama yanavyojadili vita au ndoa. Utii kwa Roma ukawa jambo linaloweza kutolewa, kuahirishwa na kuondolewa, na wafalme hawakulisahau somo hilo. Mtaguso wa Pisa wa mwaka 1409 ulijaribu kuwaondoa wote wawili, ukaishia kuongeza wa tatu.

Mtaguso uliokutana Konstanz mwaka 1414, kwa msukumo wa Mfalme Sigismund, ulikuwa na kazi ya kuliondoa tatizo hilo. Papa Yohane XXIII wa mlolongo wa Pisa, jina lake la asili Baldassare Cossa, alikuja akitumaini kuthibitishwa. Alipoona upepo umegeuka, alitoroka mjini usiku wa tarehe 20 Machi 1415 akiwa amejibadili mavazi. Mtaguso ulijibu tarehe 6 Aprili kwa hati ya Haec Sancta, iliyosema kwamba mtaguso umepokea mamlaka yake moja kwa moja kutoka kwa Kristo, na kwamba kila mtu, hata mwenye cheo cha Papa, anapaswa kuutii katika mambo ya imani, ya kumaliza farakano na ya kulirekebisha Kanisa. Tarehe 29 Mei Yohane XXIII alivuliwa cheo.

Ni kosa kuiona hati hiyo kama uasi ulioletwa kutoka nje. Brian Tierney alionyesha mwaka 1955 kwamba nadharia ya ukuu wa mtaguso ilikuwa na mizizi katika sheria za Kanisa zenyewe, katika maandishi ya wanasheria wa karne ya 12 na 13 waliouliza: je, Papa akianguka katika uzushi, nani atamhukumu? Marsilius wa Padua, aliyeandika Defensor Pacis mwaka 1324, alikuwa mkali zaidi, lakini Konstanz haikumhitaji. Pierre d'Ailly na Jean Gerson, vinara wa mtaguso, walikuwa wanazuoni wa Paris wenye msimamo thabiti wa Kikatoliki. Walitaka kuliokoa Kanisa dhidi ya mapapa wake.

Hapo ndipo kesi ya Jan Hus inapouma. Padre huyo wa Praha alifika Konstanz mwanzoni mwa Novemba 1414 akiwa na hati ya Sigismund ya usalama wa safari. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa kifungoni. Wanazuoni haohao waliokuwa wakibomoa dai la Papa la kutohukumiwa na yeyote walimhukumu Hus kwa kufundisha kwamba mkuu wa Kanisa anayeishi katika dhambi ya mauti si mkuu wa kweli. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto. Kwa muda fulani mwaka huo ngome ya Gottlieben, karibu na Konstanz, ilikuwa gereza la Hus, na pia ikawa gereza la Papa aliyeondolewa. Mwisho wao haukufanana: Cossa aliachiliwa, akafanywa kardinali na Papa mpya Martino V, akafa Firenze mwaka 1419 na kuzikwa katika kaburi la fahari lililofanyiwa kazi na Donatello. Majivu ya Hus yalimwagwa katika mto Rhein ili pasibaki cha kuhiji.

Kwa nini tofauti hiyo? Jibu la kiteolojia lipo: mtaguso ulihukumu mwenendo wa Cossa na mafundisho ya Hus. Lakini jibu hilo halitoshi. Mtaguso ulikuwa umemvua Papa cheo, na ulihitaji kuuthibitishia ulimwengu kwamba haukuwa mzushi. Hus alikuwa ushahidi uliokuwa tayari mkononi. Tena hakuwa na mlinzi. Sigismund alikasirika kwa hati yake kuvunjwa, kisha akaona kwamba kuuokoa mtaguso ni muhimu kuliko kumwokoa padre mmoja. Mpinzani wa Papa asiye na taji nyuma yake alikuwa kuni.

Wacheki walilielewa hilo upesi. Kati ya mwaka 1420 na 1431 majeshi ya vita vya msalaba yaliyotumwa Bohemia yalirudishwa moja baada ya jingine na wafuasi wa Hus na magari yao ya vita. Katika kushindwa kwa mwisho, kule Domažlice mwezi Agosti 1431, Kardinali Giuliano Cesarini alikimbia pamoja na jeshi. Kardinali huyohuyo ndiye aliyekwenda kuongoza mtaguso mpya wa Basel, na akawa mtetezi wa mazungumzo. Mwaka 1433 wajumbe wa Wahus, akiwemo kiongozi wao wa vita Prokop, waliketi Basel na kujadiliana na mababa wa mtaguso, na mwaka 1436 walikubaliwa walei wao kupokea ekaristi kwa maumbo yote mawili, mkate na divai. Ombi ambalo Konstanz ililipiga marufuku kwa wasio na silaha, Basel ililiridhia kwa wenye silaha.

Basel, na soko la utii

Konstanz iliacha pia hati ya Frequens ya Oktoba 1417, iliyoagiza mtaguso uitwe baada ya miaka mitano, kisha baada ya saba, kisha kila baada ya miaka kumi. Kama agizo hilo lingetekelezwa, Kanisa la Magharibi lingekuwa na aina ya bunge la kudumu. Mtaguso wa Basel ulifunguliwa mwaka 1431 kwa mujibu wa agizo hilo, na Papa Eugenio IV akautangazia kuvunjwa kabla haujaanza kazi kwa uzito. Mtaguso ulikataa. Mwishoni mwa mwaka 1433 Papa alirudi nyuma na kuutambua. Kwa wakati ule mtazamaji yeyote angeweza kudhani kwamba ukuu wa mtaguso umekwisha kuwa sheria ya Kanisa.

Kilichofuata ndicho kiini cha mjadala wetu. Basel ilipunguza mapato ya Roma, hasa anata, yaani sehemu ya mapato ya mwaka wa kwanza ambayo mwenye cheo kipya alimlipa Papa. Wafalme walifurahia kipengele hicho, wakakichukua bila kuuchukua mtaguso mzima. Mwaka 1438 Charles VII wa Ufaransa alikusanya makleri wake Bourges na kutoa Sheria ya Bourges: maaskofu wachaguliwe na mabaraza ya makanoni, rufaa kwenda Roma zipunguzwe, anata zidhibitiwe, ukuu wa mtaguso ukubaliwe. Tazama nani alitoa sheria hiyo. Maagizo ya mtaguso wa Kanisa zima yalipata nguvu Ufaransa kwa muhuri wa mfalme.

Mwaka 1439 Basel ilimvua Eugenio IV cheo na kumchagua Amadeus VIII wa Savoy kuwa Felix V. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa mantiki yake na wa maangamizi kwa siasa yake. Kumbukumbu ya farakano ilikuwa bado mbichi, na Eugenio kwa upande wake alikuwa ametangaza Firenze, mwezi Julai mwaka huohuo, muungano na Kanisa la Wagiriki. Wafalme wengi hawakumtii Felix, wala hawakuharakisha kumtii Eugenio. Wajerumani walitangaza kutoegemea upande wowote. Utii ukapandishwa bei, nayo Roma ikakubali kununua. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1448, kati ya Papa Nikolasi V na Mfalme Frederick III, ulirejesha sehemu kubwa ya haki za Papa katika Ujerumani, na ahadi mbalimbali kwa Frederick na kwa wakuu kadhaa wa majimbo zilikuwa sehemu ya malipo. Mwaka 1449 Felix alijiuzulu na mtaguso ukajifunga wenyewe.

Hakuna anayeonyesha mkondo huo wa mambo vizuri kuliko Enea Silvio Piccolomini. Alianza kama karani wa Basel na katibu wa Felix V, akahamia katika ofisi ya Frederick III alipoona upande unaopanda, akapatana na Roma, na mwaka 1458 akachaguliwa kuwa Papa Pius II. Mwezi Januari 1460, kwa hati ya Execrabilis, alipiga marufuku rufaa yoyote kutoka kwa Papa kwenda kwa mtaguso ujao. Mwaka 1462 aliyafuta pia mapatano ya Basel na Wahus. Watafiti wengine humwita kigeugeu. Naona ni haki zaidi kusema kwamba alijua, kwa kuwa alikuwa ndani, jinsi mtaguso usio na jeshi, hazina wala makao ya kudumu ulivyokuwa mwepesi kuachwa.

Bologna

Bado mtaguso ulibaki kuwa fimbo ya kumtishia Papa. Mwaka 1511 Louis XII wa Ufaransa, akiwa vitani na Papa Julius II, alikusanya makardinali wachache Pisa na kuuita mkutano huo mtaguso mkuu. Julius alijibu kwa kuita mtaguso wake katika Laterano, uliofunguliwa mwaka 1512. Ugomvi ulimalizwa na warithi wao. Baada ya ushindi wa Marignano mwaka 1515, Francis I alikutana Bologna na Papa Leo X, na mkataba ukafikiwa mwaka 1516. Mfalme wa Ufaransa angependekeza majina ya maaskofu wakuu takriban 10, maaskofu zaidi ya 80 na mamia ya abati, Papa angewathibitisha. Uchaguzi wa makanoni ulikwisha. Mkataba ulikaa kimya kuhusu anata, na katika kimya hicho zilirejea.

Tarehe 19 Desemba 1516 mtaguso wa Laterano uliifuta Sheria ya Bourges, ukatangaza kwamba Papa ana mamlaka juu ya mitaguso yote, na ukaithibitisha upya Unam Sanctam. Ulimi wa Bonifasi VIII ulisikika tena. Lakini uthibitisho huo ulikuja na sharti: bila kuathiri tamko la Meruit la Klementi V. Yaani kila kiumbe binadamu awe chini ya Papa, na mfalme wa Ufaransa asipungukiwe. Sina hati nyingine inayoibeba hoja ya makala haya kwa ufupi kama hiyo.

Waliopoteza walijua wamepoteza. Parlement ya Paris, mahakama kuu ya ufalme, ilikataa kuuandikisha mkataba hadi ilipolazimishwa mwezi Machi 1518. Mwezi huohuo Chuo Kikuu cha Paris, warithi wa Gerson na d'Ailly, kilikata rufaa kwa mtaguso ujao. Rufaa hiyo haikusimamisha lolote Ufaransa, lakini ilikuwa na maisha ya pili. Mwezi Novemba 1518 Martin Luther, akitazamia hukumu ya Roma, alikata rufaa kwa mtaguso, na andiko lake lilifuata mfano wa lile la Paris.

Luther, basi, alibisha kwanza mlango wa karne ya 15, akaukuta umefungwa kwa komeo la Execrabilis. Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakuu wa taifa la Ujerumani, aliwageukia watawala walei na kuwaomba waite mtaguso ambao Papa hakutaka kuuita. Kwa nini Ujerumani ndiyo iliyowaka? Sehemu ya jibu imo katika hesabu tuliyokwisha kuifanya. Ujerumani haikuwa na mfalme mwenye nguvu za kujipatia Bologna yake. Mkataba wa Vienna uliacha mengi mikononi mwa Roma, na malalamiko ya taifa la Ujerumani dhidi ya Kuria yaliwasilishwa Worms mwaka 1521, mahali na mwaka uleule aliposimamishwa Luther. Rehema zilizomuudhi Luther ziliuzwa ili nusu ya mapato imsaidie Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kulipa deni lake kwa nyumba ya Fugger, deni lililotokana na gharama za kupata cheo chake. Tofauti ya Luther na Hus, katika miezi ile ya hatari, haikuwa ukali wa hoja. Luther alikuwa na Frederick wa Saxony.

Mtu anaweza kuipinga hoja hii kwa mfano wa Uingereza. Wafalme wa Uingereza walikuwa wakiamua kwa vitendo nani awe askofu tangu sheria za mwaka 1351 na 1353, na bado Henry VIII alijitenga na Roma mwaka 1534. Pingamizi hilo ni la kweli, nalo linatukataza kusema kwamba mfalme aliyeshiba hubaki mtiifu. Alichokitaka Henry, kubatilishwa kwa ndoa yake na Catherine wa Aragon, hakikuwemo katika bidhaa ambazo Papa angeweza kuziuza, hasa baada ya majeshi ya Charles V, mpwa wa Catherine, kuiteka Roma mwaka 1527. Lakini mfano huohuo unaonyesha upande wa pili wa gharama. Henry alipoamua kutoka, aliwakuta maaskofu wengi wakiwa watu wake tayari. John Fisher wa Rochester, aliyekataa na kukatwa kichwa mwaka 1535, alisimama karibu peke yake miongoni mwao.

Mtaguso uliofunguliwa Trento mwaka 1545 haukuwa ule ulioombwa na Paris wala na Luther. Konstanz kura zilipigwa kwa mataifa, na wanazuoni wasio maaskofu walikuwa na sauti. Trento kura zilikuwa za maaskofu na wakuu wa mashirika, na ajenda ililetwa na wajumbe wa Papa. Haec Sancta haikujadiliwa kama sheria hai.

Gharama ya ushindi ilivuka bahari pia. Nikolasi V, Papa yuleyule wa Mkataba wa Vienna, alimpa mfalme wa Ureno kwa hati ya Romanus Pontifex ya mwaka 1455 haki juu ya nchi zitakazofikiwa kupitia pwani za Afrika, pamoja na haki ya kujenga makanisa na kutuma mapadre. Kutokana na hati za namna hiyo ulikua utaratibu wa Padroado, ambao chini yake mfalme wa Ureno aliwapendekeza maaskofu wa ng'ambo. Jimbo la Goa lilipoundwa mwaka 1534, mipaka yake ilianzia Rasi ya Tumaini Jema hadi China. Pwani ya Waswahili iliwekwa ndani yake bila kuulizwa. Waaugustino waliohudumu Mombasa katika kivuli cha Ngome ya Yesu walikuwa chini ya Goa na chini ya taji la Ureno kabla ya kuwa chini ya Roma kwa namna yoyote ya kiutendaji. Mwaka 1622 Papa Gregori XV aliunda idara ya Propaganda Fide ili misheni zirudi mikononi mwa Papa. Katika miongo iliyofuata, Roma ilipoanza kutuma Asia maaskofu wanaowajibika kwake moja kwa moja, taji la Ureno liliwapinga, likishika mkononi hati ambazo mapapa wenyewe walikuwa wamezitia muhuri.